Kufuli Lisilokuwa Lake

Sehemu ya Saba

Ufunguo uligoma kuzunguka.

Mwansa aliuchomoa, akaupangusa kwenye kitenge, akaujaribu tena. Uliingia nusu, ukakwama. Hapo ndipo tulipomwacha wiki iliyopita, msomaji wangu: kibarazani kwake, saa nane mchana, moshi ukipenya chini ya mlango, na ndani ya nyumba mama mkwe wake, ambaye kila mtu humwita Mayo, yaani mama, akigonga nondo za dirisha kwa kikombe cha bati.

Kufuli lilikuwa zima. Hakuna aliyelivunja wala kulikwaruza. Lilining'inia palepale alipolibana asubuhi kwa mkono wake mwenyewe.

"Mwansa! Mwanangu, nakufa huku!"

"Mayo, kaa chini! Ziba mdomo na nguo, nakuja!"

"Unakuja lini?"

Mwansa aliusukuma ufunguo tena. Nyumba yake, moja ya zile nyumba za zamani za mgodi pale Kitwe, Barabara ya Tisa, ilikuwa na madirisha manne na milango miwili. Tangu wezi wa mchana waanze kuzunguka mtaani, kila tundu alilitia nondo nene kama kidole gumba. Mlango wa nyuma aliuchomelea kabisa. Majirani walimtania kwamba hata paka wa nyumba ile huingia kwa kuomba kibali.

Sasa nyumba hiyohiyo iliyokataa wezi ilikuwa imekataa kumtoa mama wa watu.

"Moto! Jamani, moto! Nisaidieni!"

Mtaa uliitika. Wanawake walitoka na ndoo, wanaume wakatoka na mashoka. Mbele yao alikuwa Kapembwa, mdogo wa marehemu mume wa Mwansa na mwenyekiti wa kamati ya ulinzi ya mtaa.

"Shemeji, fungua! Mama yangu yumo ndani!"

"Ufunguo haufungui!"

"Haufungui vipi na ni wako?"

"Ningejua ningekuwa nimesimama hapa?"

Kapembwa aligeuka, akaanza kuwapigia watu kelele. Maji huku! Shoka kule! Shoka liligonga nondo mara tatu, mpini ukavunjika, nondo hazikushtuka hata kidogo. Kule ndani kikombe cha bati kilikuwa kinagonga polepole sasa. Kikagonga. Kikanyamaza. Kikagonga mara moja tu.

Ndipo Daka alipofika mbio, aproni yake ya ngozi ikimpigapiga magotini. Daka ndiye fundi aliyechomelea nondo za nyumba ile na za karibu nusu ya mtaa. Hakuutazama mlango. Alizunguka nyuma, moja kwa moja hadi dirisha la chumba cha bibi, akabandika uso kwenye nondo.

"Mayo Chisala! Unanisikia? Mimi Daka!"

Kikohozi. Halafu sauti nyembamba: "Mla panya wewe?"

"Ndiye mimi, mtani wako. Sikiliza. Chini ya dirisha, kushoto, ile pini niliyokuonyesha. Ishike."

"Sioni kitu!"

"Usitazame. Papasa."

"Nimeishika. Haiji!"

"Izungushe kwanza, halafu vuta. Mla nyani gani wewe, huna nguvu ya kuvuta msumari?"

"Nikitoka humu nitakuchapa!"

"Basi toka uje unichape!"

Chuma kiligonga chuma. Mbele ya macho ya watu wote, nondo za dirisha zilifunguka kwa pamoja, kama mlango, zikageukia nje. Daka alitumbukiza mikono yake kwenye moshi, akamtoa bibi mzima mzima, kaniki yake imejaa masizi, kikombe bado kiganjani.

Watu walipiga vigelegele. Mwansa alipiga magoti, akamkumbatia bibi, akamfuta uso kwa mate na kitenge kama anayemfuta mtoto.

Furaha ile ilidumu kiasi cha kuvuta pumzi nne.

"Ngojeni kwanza," ilisema sauti ya Kapembwa. "Lile dirisha linafunguka?"

Vigelegele vilikatika.

Mwansa aliinua kichwa. Alilitazama dirisha, kisha akamtazama fundi.

"Ba Daka. Nilikwambia ulichomelee lile."

"Uliniambia."

"Na ukaniambia umelichomelea."

"Nilikudanganya, mukwai," alijibu kwa adabu.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Miezi miwili nyuma Daka alimsihi Mwansa aache dirisha moja linalofunguka kwa ndani, kwa ajili ya moto, kwa ajili ya mgonjwa, kwa ajili ya lolote. Mwansa alikubali. Jumapili ile ile, kwenye kikao cha kamati, Kapembwa alisimama akasema kinachofunguka kwa ndani hata mwizi atakifungua. Watu wakaogopa. Mwansa akarudi kwa fundi na amri: chomelea.

"Nilipaka rangi juu ya bawaba zisionekane," alisema Daka. "Nikamwonyesha Mayo pini, nikamwomba anyamaze. Unamfungia mzee ndani kila siku, Bana Kasonde, na ufunguo unautembeza mjini. Ningelala vipi?"

Mtaa wote humwita Mwansa hivyo, Bana Kasonde, kwa jina la mwanawe anayefanya kazi Solwezi. Lakini siku ile jina lilimchoma. Huyu fundi alikula nshima mezani kwake. Mwansa alimwamini kwa kila bawaba ya nyumba.

"Amejiachia mlango!" mtu alipaza sauti.

"Nyumba tatu zimeibiwa tangu Machi! Zote nondo zake!"

"Na kwangu umeacha wapi? Sema, umeacha wapi?"

Wanaume wawili walimdaka Daka mikono. Wa tatu alimpiga kofi la mdomo, damu ikatoka. Mwansa aliona. Angeweza kusema "mwacheni." Hakusema.

"Msimuue," alisema Kapembwa kwa utulivu. "Polisi nimeshawapigia. Mketisheni chini."

Mkasi mkubwa wa kukatia vyuma ulikuwa umefungwa kwenye baiskeli ya Daka. Waliuchukua, wakakata kufuli la mlango wa mbele, ndoo zikaingia. Moto wenyewe haukuwa mkubwa kama moshi wake. Jiko la mkaa, aliloliacha Mwansa likiwaka kwa sababu ya baridi ya Juni, lilikuwa limepinduka sebuleni. Mkeka uliungua, pazia liliungua, godoro kuukuu lilikuwa linafuka. Dakika kumi baadaye kulibaki maji meusi sakafuni na harufu.

Mwansa aliingia akiwa tayari kwa hasara. Cherehani ya kwanza ilikuwepo. Ya pili ilikuwepo. Televisheni ilikuwepo, imelowa. Sare za shule alizokuwa bado hajazipeleka zilikuwa zimekunjwa kama alivyoziacha.

Alifungua kabati. Akapapasa nyuma ya mablanketi, pale ambapo mkono wake ungefika hata gizani.

Bati la biskuti halikuwepo.

Ndani ya bati lile kulikuwa na hati ya nyumba na wosia wa mumewe. Hakuna kingine. Mwizi gani anaruka televisheni na cherehani mbili, akachukua karatasi?

Mwizi anayejua karatasi zilipo, alijijibu.

Alitoka nje na lile kufuli lililokatwa mkononi. Alimkuta Daka amekaa chini, ameegemea ukuta, mdomo umevimba.

"Ni nani mwingine uliyemwonyesha dirisha langu?"

"Hakuna aliyepitia dirishani," alisema Daka. "Pini ilikuwa ndani, na wewe mwenyewe umemsikia Mayo akihangaika nayo. Geuza hilo kufuli. Tazama chini yake."

"Kuna nini?"

"Kila kufuli ninalouza nalipiga nukta mbili kwa msumari. Unaziona?"

Mwansa aligeuza. Palikuwa laini kama kioo.

"Hazipo."

"Basi si lako. Ni pacha wa lako. Asubuhi kufuli lako lilikuwa linaning'inia wazi mlangoni, siyo? Mtu akaliondoa, akaweka hili. Wewe ukatoka na haraka zako, ukalibana. Kubana hakuhitaji ufunguo. Umeondoka umeifunga nyumba kwa kufuli la mwizi, na ufunguo wake anao yeye. Amefungua bila kelele, amechukua alichotaka. Alitakiwa kurudisha lako, urudi, ufungue, usijue kitu hata mwaka mzima. Moto ndio uliomharibia."

Watu walianza kutazamana. Mwanamke mmoja alikimbia kwenda kuangalia kufuli la kwake.

"Sikilizeni mwizi anavyotufundisha wizi!" alicheka Kapembwa. Wachache wakacheka naye. "Shemeji, lete hicho kitu. Ni ushahidi, kamati itakitunza."

"Nitawapa polisi mimi mwenyewe."

Alilifundika kufuli kwenye pindo la kitenge chake, akalibana kiunoni.

Mayo Chisala alikuwa ameketishwa kibarazani kwa jirani, blanketi mabegani. Mwansa alichuchumaa mbele yake.

"Mayo, nani aliingia?"

"Sikumwona. Vidonge vya presha vilinilaza. Niliamshwa na kishindo cha jiko."

"Ukafanya nini?"

"Niliita."

"Ukaita nani?"

Bibi alikitazama kikombe chake.

"Mayo, uliita jina gani?"

"Niliita tu. Aliyekuwa sebuleni alisimama. Alinisikia, mwanangu. Moshi ulikuwa umeshaanza, na alinisikia vizuri. Halafu alitoka, nikasikia kufuli linabanwa. Ka!"

"Ni nani?"

"Usiniulize." Machozi yalichora njia mbili kwenye masizi ya mashavu yake. "Nimezaa, nimezika. Usiniulize zaidi ya hapo."

Ukimwuliza Mwansa leo, atakwambia hakumwelewa. Atakwambia masikio yalisikia na moyo ukafunga mlango. Alichoshika wakati ule kilikuwa kitu kimoja: kufuli lilibadilishwa asubuhi, kati ya saa moja na saa mbili, alipokuwa chumba cha nyuma akipiga pasi sare. Na asubuhi ile kibarazani kwake alikaa mtu mmoja tu.

Alimtafuta moyoni mgeni mwingine wa asubuhi ile, hata wa kumsingizia. Hakumpata.

Mtu huyo, rafiki yake Bana Mwila, aliishi nyumba ya tatu kutoka pale, vyumba viwili vya kupanga. Kwa miaka kumi na tisa hakukuwa na msiba, harusi wala ugonjwa ambao wanawake wale wawili hawakuukalia mkeka mmoja. Mtaa mzima ulikuwa umetoka na ndoo mchana ule. Bana Mwila hakuonekana.

Mlango wake ulikuwa wazi. Alikuwa ameketi sakafuni, sinia la karanga mapajani, hachambui.

"Nyumba yangu imeungua," alisema Mwansa.

"Nilisikia kelele. Kichwa kinanipasuka, dada."

"Asubuhi uliniletea viazi vitamu."

"Ndiyo. Vilikuwa vibaya?"

Mwansa alifundua pindo la kitenge, akalitoa kufuli, akalishika mbele ya uso wa rafiki yake. Kisha akalirudisha pindoni.

Bana Mwila aliweka sinia chini. Karanga chache zilimwagika. Aliziokota moja moja kama vile hiyo ndiyo kazi iliyomleta duniani.

"Aliniambia ni jaribio," alisema mwisho.

"Nani?"

"Mwenyekiti. Kapembwa. Alisema kamati inawapima wanachama, nani makini na nani mzembe. Nibadilishe kufuli tu, jioni tutakuja wote kukucheka."

"Ukaamini?"

Bana Mwila aliirudisha karanga ya mwisho kwenye sinia.

"Hapana."

Mwansa alishika fremu ya mlango.

"Hapana, sikuamini," alirudia Bana Mwila, na sasa sauti yake ilikuwa na ukali ambao Mwansa hakuwahi kuusikia. "Miaka kumi na tisa nakaa kibarazani kwako. Miaka kumi na tisa nasikia nyumba yangu, bati langu, mpapai wangu. Mimi nimehama mara nne, Mwansa! Mara nne nimebeba sufuria kichwani watu wakinitazama! Kapembwa alisema nyumba ikirudi kwenye ukoo, vyumba vya nyuma ni vyangu mpaka nife."

"Nilimzika mume wangu nimelalia bega lako."

"Najua."

"Mwila alipougua, nani alimbeba mgongoni mpaka hospitali?"

"Wewe. Usinikumbushe, nayajua yote. Unadhani nilikuwa nalala?"

"Na Mayo? Ulijua yumo ndani."

"Sikujua habari ya moto! Mungu ananiona! Alisema mama yake akimeza vidonge hasikii hata treni. Ataingia, atatoka, basi!" Hapo Bana Mwila alivunjika. Alisimama, akamwangukia Mwansa shingoni, akalia kwa kwikwi. "Nitasema, dada. Nitawaambia polisi, mbele ya watu wote. Nisamehe. Nitasema kila kitu."

Mwansa alisimama kama nguzo. Kisha mikono yake, kwa mazoea ya miaka kumi na tisa, ikapanda yenyewe ikamkumbatia.

Laiti ingebaki chini.

Walirudi pamoja, Bana Mwila akimshika mkono njia nzima. Gari la polisi lilikuwa limeshafika. Sajini, mwanamke mnene mwenye macho ya uchovu, alikuwa anaandika. Kapembwa alikuwa anamsomea majina ya nyumba zilizoibiwa. Daka alikuwa bado chini, inzi wakimtembelea damu ya mdomo.

"Sajini," alisema Mwansa, "mwachieni huyu fundi. Hakuiba. Mwizi ni huyo unayeandika maneno yake."

Mtaa ulivuta pumzi kwa pamoja.

Kapembwa hakukasirika. Hilo ndilo lililotisha. Alimtazama shemeji yake kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa.

"Shemeji. Moshi umekupanda kichwani."

"Ametumia kufuli la kubadilisha. Amechukua hati ya nyumba yangu. Alimsikia mama yake akilia ndani, akabana kufuli, akaondoka! Na shahidi ninaye." Alimvuta mwenzake mbele. "Sema, Bana Mwila."

Bana Mwila alimtazama Kapembwa. Kisha aliinua macho, akalitazama paa la nyumba ya Mwansa kutoka pembe hadi pembe.

"Niseme nini?"

"Uliyoniambia sasa hivi!"

"Dada, mimi nilikuwa nimelala na kichwa changu. Umekuja ukanigombeza mlangoni kwangu. Nimekusindikiza kwa kukuonea huruma tu."

Mwansa alishusha mkono hadi kwenye pindo la kitenge. Kufuli! Kufuli lingesema!

Fundo lilikuwa limelegezwa. Pindo lilikuwa tupu.

Alimgeukia Bana Mwila. Rafiki yake alikuwa amekunja mikono yote miwili chini ya kitenge chake mwenyewe, akitazama chini, na machozi yake ya muda ule yalikuwa hayajakauka hata shavuni.

"Lilikuwa hapa! Wote mmeliona! Daka aliniambia niligeuze, mkaona!"

"Tuliona kufuli lililokatwa," alijibu mzee mmoja kwa kusitasita. "Kama ni lako au si lako, mama, sisi tungejuaje?"

"Sajini," alisema Kapembwa, bado kwa upole, "waulize watu hawa swali moja tu. Nani alimfungia mama yangu ndani leo asubuhi?"

Hakukuwa na haja ya jibu. Kila aliyepita Barabara ya Tisa alijua kwamba Bana Kasonde humfungia mkwewe kila atokapo.

"Mlango wake. Ufunguo wake. Jiko aliliwasha yeye. Anarudi, anatuambia ufunguo haufungui. Nani aliujaribu zaidi yake? Kaka yangu amekufa. Mama akifa naye, nani anabaki peke yake na nyumba? Sisemi kitu. Nauliza."

"Nyoka!" alipiga kelele Daka kutoka chini. "Huyu mwanamke alikuwa anavunja kucha kwenye kufuli lile!"

"Mwizi anamtetea mwenzake," alisema mtu, na safari hii hakuna aliyecheka.

Mwansa aliwatazama. Watu aliowashonea nguo za harusi. Watu ambao watoto wao walivaa sare za mkono wake. Mmoja baada ya mwingine walikuwa wanasogea nyuma, taratibu, kama wanaomkwepa mbwa asiyejulikana.

Sajini alikwenda kibarazani alipoketi bibi. Alichuchumaa.

"Bibi, pole. Nataka unijibu neno moja tu. Nani alikufungia mle ndani?"

Mayo Chisala alimtazama mwanawe, aliyebaki peke yake kati ya watano aliowazaa. Kisha alimtazama Mwansa, ambaye kwa miaka sita alimwogesha, akamlisha, akamsugua miguu usiku wa baridi.

"Sema, Mayo," alisema Mwansa kwa sauti ya chini. "Sema ulichosikia tu."

Bibi aliinua kidole.

"Huyu," alisema. "Mke wa marehemu mwanangu. Ndiye aliyenifungia."

Halafu akajifunika uso kwa blanketi.

Hakuongopa. Mwansa alimfungia kweli, asubuhi, kama kila siku. Na kati ya maneno yote yaliyosemwa mchana ule, hakuna uongo uliomfika Mwansa ndani kama ukweli ule. Hakulia. Alijiona tu amekuwa mwepesi, kama nguo iliyotundikwa.

"Bana Kasonde," sajini alisema akiinuka, "utakuja nasi kituoni kueleza. Fundi naye. Ifunge nyumba yako twende."

"Aifunge na nini?" mtu alinong'ona.

"Nitaifunga mimi." Kapembwa alijitokeza. "Ni nyumba ya kaka yangu, siwezi kuiacha wazi na mtaa huu ulivyo. Nitalala humo mwenyewe mpaka mambo yaishe. Nipe funguo za vyumba, shemeji."

"Mpe," alisema sajini. "Ni ndugu wa marehemu."

Mwansa alilifungua shada la funguo kiunoni. Mlango wa ndani, chumba chake, chumba cha bibi, stoo. Mkono wake ulikwenda mbele wenyewe, kama mkono wa mtu mwingine. Kapembwa alinyoosha wake kupokea.

"Kapembwa!"

Ilikuwa sauti ya mama yake. Blanketi lilikuwa limeshuka usoni. Haikuwa sauti ya mgonjwa wala ya mjane. Ilikuwa sauti ya mwanamke aliyelea watoto watano kwa fimbo ya mpera, na ilimtoka kabla hajaifikiria.

"Tangu lini unapokea kitu kwa mkono wa kushoto? Ndivyo nilivyokufundisha?"

Lilikuwa jambo dogo, lakini pale mtaani hata mtoto wa miaka mitatu hupigwa kofi kwa ajili yake.

"Mama, huu si wakati wa hayo."

Mwansa hakuziachia funguo. Alizirudisha kifuani polepole.

"Mama yako amesema," aliongea, na hakuitambua sauti yake mwenyewe. "Nitolee wa kulia, shemeji. Upokee kwa heshima."

Kapembwa alitabasamu. Mkono wa kulia ulibaki mfukoni.

Watu waliokuwa wakirudi nyuma wakasimama. Mmoja akasogea mbele. Daka aliinuka kwa kuutegemea ukuta, na hakuna aliyemketisha.

Sajini alifunga daftari lake.

"Bwana mwenyekiti," alisema, "toa huo mkono nje."

Kibarazani, Mayo Chisala alikuwa ameshaanza kulia. Yeye alikuwa amesikia, mle ndani ya moshi, baada ya kishindo cha jiko, mtu akipiga yowe la kuungua. Na alikuwa hajamwambia yeyote.